Pindua Chombo Kwanza: Majibu kwa Wapenzi wa Vyombo vya Kale

Tangu nilipoeleza hapa jinsi nilivyolipata buli la kauri chini ya meza ya muuza sufuria, maswali yamenijia kutoka Kampala, Jinja, Mbale na hata Arua. Nimechagua yale yanayorudiwa mara kwa mara na kuyafupisha, bila kuyabadilisha maana.

Ninaishi Ntinda. Kila nikienda Owino naona nguo na viatu tu. Hivyo vyombo vya zamani mnavipata wapi?

Soko la Mtakatifu Balikuddembe, ambalo wengi wetu bado tunaliita Owino, ni kubwa kiasi kwamba mtu anaweza kuzunguka siku nzima asifike anakokutaka, kwa hiyo uliza mapema walipo wauza vyombo vya nyumbani, tena uende asubuhi kabla njia hazijasongamana. Ukifika, usitosheke na vilivyopangwa juu ya meza. Muuzaji huweka mbele kile anachoona kinang'aa, na kinachong'aa mara nyingi ni kipya. Omba kwa adabu akuruhusu kupekua sanduku lililo chini, lenye visahani visivyo na vikombe vyake na vifuniko visivyo na bakuli.

Kwa vyombo vya shaba na chuma, nenda Katwe kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Huko chakavu hununuliwa kwa kilo, na sinia zuri la shaba linaweza kuwa limelala kando ya mizani likingoja kuyeyushwa. Tena kuna familia za wageni wanaomaliza mikataba yao ya kazi Kololo, Bugolobi au Muyenga, ambao huuza vitu vya nyumba nzima kwa siku moja au mbili. Zaidi ya yote, mpate muuzaji mmoja mwaminifu, mwachie namba yako ya simu, na mweleze waziwazi unachokitafuta, kwa kuwa yeye hufungua mzigo kabla yako.

Nimewahi kununua sahani nzuri, kufika nyumbani nikakuta ina ufa. Nikague vipi kabla ya kulipa?

Pole sana, na mimi yalinikuta. Buli nililonunua kwa furaha lilikuwa limegundishwa kishikio kwa gundi iliyopakwa kwa ustadi, na siku ya kwanza nilipotia chai ya moto gundi ikalegea, buli likaanguka likiwa limejaa, na mguu wangu ukaungua. Muuzaji alijua, nami sikukagua. Tangu siku hiyo nina utaratibu ambao siuachi hata kama mvua inanyesha.

Kwanza napindua chombo. Chini ndiko kwenye habari zake: jina la kiwanda, nchi, pengine na namba ya umbo. Sheria ya ushuru ya Marekani ya mwaka 1890, iliyoanza kudai jina la nchi kwenye bidhaa za kigeni mwaka 1891, iliwafanya watengenezaji wa Uingereza waandike 'England' chini ya vyombo vyao, kwa hiyo sahani yenye neno hilo kwa kawaida haitangulii wakati huo. Maneno 'Made in England', pamoja na 'bone china' (kauri iliyochanganywa na majivu ya mifupa), mara nyingi yanaashiria karne ya 20. Chapa iliyofifia si kasoro. Ninachokitilia shaka ni chapa iliyo wazi kupita kiasi kwenye chombo ambacho kitako chake hakina hata mkwaruzo, kwa maana kisahani kilichoburutwa mezani miaka 60 lazima kiwe na alama za kuburutwa.

Kisha nakiweka kikombe juu ya ncha za vidole na kukigonga taratibu kwa penseli. Kizima hulia kwa sauti inayokaa hewani kidogo. Chenye ufa hutoa mlio mfupi uliokufa, kama mtu aliyegonga kibuyu kilichopasuka. Baadaye napitisha ukucha kwenye ukingo wote, kwa sababu jicho hupitwa na kipengo kidogo lakini ukucha haupitwi. Mwisho nakielekeza kwenye jua na kuweka kiganja nyuma yake: ile kauri ya 'bone china' hupitisha mwanga, na kivuli cha vidole huonekana kupitia ukuta wa kikombe.

Ukiona mtandao wa mistari myembamba kama utando wa buibui juu ya mng'ao, usidhani ni nyufa za kawaida. Hiyo ni ngozi ya nje tu iliyopasuka, na chombo bado kinaweza kuwa imara. Hata hivyo hunywa maji na mafuta, kwa hiyo mimi hukiweka kwa mapambo na silii chakula ndani yake.

Bibi yangu wa Mbale ameniachia tumpeco za bati zilizobanduka rangi. Je, bado tunaweza kuzinywea uji?

Neno hilo linanifurahisha kila ninapolisikia, maana leo Waganda huita tumpeco kikombe kikubwa chochote, hata cha plastiki, ilhali asili yake ni herufi za jina la kampuni ya hapa hapa iliyotengeneza vyombo vya chuma na enameli.

Enameli ni kioo kilichoyeyushwa kikashikana na chuma. Ikibanduka kwa nje au kwenye kishikio, kausha kikombe vizuri kila baada ya kukiosha ili kutu isienee, kisha endelea kukitumia. Ikibanduka kwa ndani, kiache, kwa kuwa vipande vya kioo vinaweza kuendelea kukatika na kuingia kwenye uji. Panda ndani yake mche wa mchaichai, kiweke dirishani, na bibi ataendelea kuonekana jikoni mwako.

Niko Jinja. Nimenunua chombo cha shaba chenye tumbo na shingo nyembamba, na ubavuni kuna maandishi ya vitone nisiyoyajua. Ni nini?

Nimeitazama picha uliyoniletea kwa muda mrefu. Hicho ni chombo cha maji ambacho Wahindi hukiita lota. Maandishi yaliyogongwa kitone kwa kitone yanaelekea kuwa ya Kigujarati, yanayofanana na ya Kihindi lakini hayana ule mstari wa juu unaounganisha herufi. Ilikuwa desturi katika familia nyingi za Kihindi kuchora jina juu ya vyombo, hasa vinapotolewa zawadi ya arusi, ili visichanganyike na vya jirani wakati wa sherehe.

Dada, unajua mji wako ulivyokuwa. Agosti 1972 Idi Amin alitangaza kuwafukuza Waasia na kuwapa siku 90, na Jinja, mji wa viwanda na maduka yao, ikabaki na nyumba zilizojaa vitu ambavyo wenyewe hawakuweza kuondoka navyo. Siwezi kusema kwamba lota yako ilitoka katika nyumba ya namna hiyo. Inaweza kuwa iliuzwa miaka mingi kabla au baada ya hapo. Lakini ninakuomba usiyasugue maandishi hayo kwa mchanga wala steelwool. Tumia ndimu na chumvi kwa kitambaa laini, suuza, kausha, na uishie hapo. Kisha ipeleke kwa mzee anayesoma Kigujarati, pengine kwenye hekalu la Wahindu au kwa mwenye duka wa siku nyingi, akusomee jina. Likisomeka, na ukoo huo ukawa unajulikana, ningewapelekea salamu kabla ya kuiweka kabatini mwangu. Hilo ni wazo langu tu, hakuna anayekulazimisha.

Usitie ndani yake maziwa, ukwaju wala kitu chochote kichachu, kwa sababu uchachu huivuta shaba ikaingia kwenye kinywaji. Vyombo vya shaba vya kupikia hupakwa bati ndani, na bati hilo likiisha hupakwa upya.

Nina kikombe cha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth. Kitaniletea fedha nyingi?

Hapana. Vikombe vya tarehe 2 Juni 1953 vilitengenezwa kwa wingi mno. Hata vile vya Edward VIII, ambaye alijiuzulu Desemba 1936 kabla ya kutawazwa, si adimu kama watu wanavyodhani, kwa kuwa viwanda vilikuwa vimekwisha kuvitengeneza. Kitunze kwa ajili ya kumbukumbu: Malkia huyo alikuja Uganda Aprili 1954 kufungua bwawa la Owen Falls, na kama kuna mzee wa nyumbani kwenu anayeikumbuka siku hiyo, andika anachokisimulia, ukunje karatasi, uitie ndani ya kikombe.

Birika la umeme kutoka Japani ni la bei nafuu sana. Ninunue?

Umeme wa Japani ni volti 100, wetu ni 240. Bila transfoma inayolingana na nguvu ya birika hilo, litaungua. Tafuta la Uingereza, ambalo hata plagi yake ya pini tatu bapa inaingia kwenye soketi zetu.

Vijiko vyangu vina herufi EPNS. Muuzaji aliapa kwamba ni fedha tupu.

Hakusema kweli. Herufi hizo zinaeleza kwamba ni aloi, yaani mchanganyiko wa metali, ya shaba, nikeli na zinki iliyopakwa fedha juu kwa umeme. Fedha halisi ya Uingereza ina alama ndogo zilizogongwa, mojawapo ikiwa simba anayetembea, ambaye huthibitisha sehemu 925 za fedha katika 1,000. Sumaku haitakusaidia hapa, kwa kuwa hainasi fedha wala aloi hiyo. Tazama mgongo wa kijiko, pale kinapogusa meza: ukiona rangi ya manjano hafifu inachungulia, fedha imekwisha kulika. Bado ni vijiko vizuri vyenye uzito wa kupendeza mkononi, na kama ulilipa bei ya vijiko, hukupoteza kitu. Kama ulilipa bei ya fedha, rudi kwake na kijiko mkononi, umwonyeshe herufi hizo.