Jibu: Moniteur iliyochapwa upya au magazeti yenyewe?

Mkuu, umeuliza kama juzuu za gazeti la Moniteur zilizochapwa upya na mchapishaji Plon karne ya 19 zinatosha, au utafute magazeti yenyewe ya enzi ya Mapinduzi ya Ufaransa. Kwa kufuatilia mijadala ya bungeni, zinatosha. Ukitaka kunukuu neno kwa neno, rudi kwenye chapa ya awali, maana Plon hawakupiga picha kurasa, walipanga herufi upya.

Kuna mtego mwingine mbaya zaidi. Mchapishaji Panckoucke alianzisha gazeti hilo tarehe 24 Novemba 1789. Matoleo yanayoanzia 5 Mei mwaka huo yalitungwa miaka kadhaa baadaye ili kuziba pengo, nayo yakaingizwa kwenye chapa mpya. Ukiyasoma utadhani mwandishi alikuwepo siku ya tukio. Mimi mwenyewe niliwahi kunaswa hapo.

Umri wa karatasi usikutishe. Za 1790 zilitengenezwa kwa matambara ya kitani, na mara nyingi ni imara kuliko za 1890 zilizotokana na mbao, ambazo huwa manjano na kuvunjika kama papadi.

Skani zipo bure Gallica, hazina ya mtandaoni ya Maktaba ya Taifa ya Ufaransa. Ila kompyuta huisoma s ndefu ya zamani kama f, kwa hiyo ukitafuta "assemblée" (bunge), jaribu pia "affemblée". Na kwa L'Ami du peuple, gazeti la mwanamapinduzi Marat, kuwa mwangalifu: matoleo bandia yalizagaa akiwa bado hai.