Farasi wake au farasi yake? Na nani aliyempenda mwenzake?

SWALI: Naishi Providence, jimbo la Rhode Island, Marekani. Kila Jumamosi nawafundisha Kiswahili watoto wa Kitanzania, Kikongo na Kirundi, na sasa nawaandikia kisa cha msichana aliyeishi huku miaka ya 1750 na farasi wake jike aliyempenda sana. Niliandika "farasi yake mpenzi", mwenzangu akasahihisha kuwa "farasi wake mpendwa". Nikajaribu "farasi aliyempenda", mtoto mmoja akauliza: nani alimpenda nani? Pia nimekosa neno la ule mwendo laini wa farasi wa Narragansett, eneo la huku Rhode Island, mwendo ambao haumrushi mpandaji. Na je, ni sawa kumwita "msichana wa kikoloni"? Naambatisha ukurasa wa kwanza uone.

JIBU: Mwalimu, mwenzako amesahihisha nusu. "Wake" ndiyo sahihi. "Mpendwa" si kosa la sarufi, lakini halikufikishi unakotaka kwenda.

Tuanze na "wake". Farasi, kwa umbo, yuko pamoja na nyumba na ngoma, lakini kwa kuwa ana uhai, sarufi inampandisha na kumweka pamoja na watu: farasi mkubwa anakula, farasi wakubwa wanakula, farasi wangu, farasi wake. Kinachowatelezesha wengi ni kwamba hata majina ya watu wa karibu hayafuati kanuni hiyo kila mara. Tunasema mama yake, dada yake, rafiki yake, jirani yake, na hakuna anayesema "mama wake". Mtu akisikia "rafiki yake", anaona "farasi yake" nayo itafaa. Sentensi moja inatosha kuonyesha tofauti: "Hakuwa na rafiki yake mwingine ila farasi wake." Iandike ubaoni, kisha waache watoto wenyewe wagundue.

Wanafunzi wako wa Kikongo watakuambia "mbwa yangu", "farasi yangu". Hicho ndicho Kiswahili cha nyumbani kwao Lubumbashi, na Nairobi pia utakisikia mitaani. Nakuomba usiwakaripie. Waambie tu kwamba kitabuni tunaandika "wangu", kama vile kila mmoja wao anavyojua kuongea na bibi yake kwa namna moja na mwenzake wa shule kwa namna nyingine. Na ukikutana na "mbuzi zangu" au "ng'ombe zake" katika maandishi ya zamani, usishike kalamu nyekundu. Wingi wa namna hiyo ni wa siku nyingi, na wazee wa mwambao bado wanautumia.

Sasa mapenzi. "Mpenzi" siku hizi amebanwa upande mmoja. Msichana akisema "mpenzi wangu", kila mtu anajua anamsema nani, na si farasi. "Mpenzi wa farasi" ni mtu anayeshabikia farasi, kama mpenzi wa soka. "Mpendwa" nalo lina harufu ya barua na ya ibada: "Mpendwa mjomba, natumaini hujambo", "wapendwa katika Bwana", "marehemu mpendwa wetu". Mtoto akisoma "farasi wake mpendwa" katika mstari wa kwanza, anaweza kudhani farasi ameshakufa.

Neno unalolitafuta ni "kipenzi". Kipenzi ni yule anayependwa kuliko wengine, awe mtoto, mjukuu, au mnyama, na halina harufu yoyote ya posa wala ya msiba. "Farasi yule alikuwa kipenzi chake." Angalia upatanisho wake, maana hapa hata waandishi wazoefu huyumba: kimilikishi hufuata umbo, hivyo tunasema kipenzi chake, kipenzi cha watu; lakini kitenzi hufuata uhai, hivyo tunasema kipenzi chake amelala, kipenzi chake haonekani. Ukiandika "kipenzi chake kimelala", umemgeuza mnyama kuwa kitu.

Lakini hata kipenzi nisingelitumia zaidi ya mara moja katika ukurasa. Nimesoma ukurasa wako. Kila farasi anapotokea ana kivumishi mgongoni: mpendwa, mzuri, mwaminifu. Kiswahili hakibebi mapenzi kwa vivumishi. Kinabeba kwa vitenzi. Msomaji wetu haamini kwamba msichana anampenda farasi kwa sababu umemwambia hivyo. Ataamini akimwona anamzoea, anamzoesha, anampapasa shingo, anamchana singa, anamnyima usingizi baba yake kwa sababu farasi hajala. Tazama kitenzi "kuzoeana". Kinasema kwamba wawili wamekaa pamoja mpaka kila mmoja anajua hatua za mwenzake. "Walizoeana" lina mapenzi mengi kuliko "alimpenda sana sana", na linamhesabu farasi kuwa mmoja wa wawili. Ukitaka kwenda mbali zaidi, kuna "walishibana".

Jambo hili lina uzito wa pekee kwa mnyama wa jamii ya punda na farasi, kwa sababu methali zetu hazikusaidii. "Shukrani ya punda ni mateke." "Punda afe mzigo wa bwana ufike." Hawa ni wanyama wa kazi na wa lawama. Upole utautengeneza mwenyewe, kwa matendo ya msichana wako, sentensi baada ya sentensi.

Nije kwenye swali la yule mtoto, ambalo ndilo bora kuliko yote katika barua yako. Mpe zawadi. "Farasi aliyempenda" kweli ina maana mbili. Katika "aliyempenda", a- ni ya mtendaji na -m- ni ya mtendwa, na -ye- inarejelea farasi. Lakini -ye- haisemi farasi ni yupi kati ya hao wawili. Msichana na farasi wote ni wa ngeli moja, wote wana a- na wote wana -m-. Kwa hiyo "farasi aliyempenda" ni farasi aliyempenda msichana, na pia ni farasi ambaye msichana alimpenda. Kama angekuwa anapenda kiti, tusingekuwa na shida: "kiti alichokipenda", na kiti hakiwezi kumpenda mtu. Utata unazaliwa pale tu viumbe wawili wenye uhai wanapokutana.

Njia ya kwanza ya kutoka ni kumtaja mtendaji mapema, kwa kutumia "ambaye". "Farasi ambaye msichana alimpenda": hapa msichana ametangulia kitenzi, basi yeye ndiye anayependa. "Farasi ambaye alimpenda msichana": hapa farasi ndiye anayependa. Mpangilio wa maneno unafanya kazi ambayo viambishi vimeshindwa kuifanya. Ni sentensi ndefu kidogo, lakini hazina ubishi. Unaweza pia kusema "farasi aliyependwa na msichana", ingawa kwa sikio langu inafaa zaidi ripoti kuliko kisa cha watoto.

Ninayoipendekeza ni nyingine. Mwache msichana asimulie mwenyewe. "Farasi niliyempenda." "Farasi aliyenipenda." Ni- ikiingia, utata wote unaondoka, kwa kuwa mimi na yeye hatuwezi kuchanganywa. Na unapata kitu cha ziada: sentensi hizo mbili ukiziweka moja baada ya nyingine, mtoto anasikia mapenzi yakienda na kurudi. Fikiria mwanzo wa namna hii:

"Nilimjua kwa hatua zake. Hata gizani, kabla sijamwona, nilijua ni yeye anayekuja. Naye alinijua kwa harufu ya mikono yangu, maana akifika kwangu aliiinamia kwanza, ndipo akanyanyua kichwa."

Hakuna "mpendwa" hapo, wala "mpenzi".

Nimeona pia unarudia "farasi jike" karibu kila sentensi. Taja mara moja, "farasi wake jike", kisha endelea na "yule", "huyo", "naye". Nafsi yetu ya tatu haibagui dume na jike. Ni Kiingereza ndicho kinachokukumbusha kila mara, na Kiswahili hakihitaji. Na badala ya "alimpanda", ambalo wafugaji hulitumia kwa dume na jike, andika "alipanda farasi" au "alipanda mgongoni mwake".

Kuhusu mwendo, neno lipo, na ni zuri: telki. Kwenda telki ni mwendo wa haraka kuliko kutembea na laini kuliko kukimbia, na kamusi za zamani zinautaja kwa punda. Pwani yetu farasi walikuwa wachache. Mnyama wa kupanda alikuwa punda, na waliompanda kila siku walijua kutenganisha mwendo mmoja na mwingine. Kwa hiyo unapoandika kwamba farasi wa Narragansett alikwenda telki, hubuni neno. Unalihamisha kutoka kwa punda kwenda kwa binamu yake. Farasi hao walisifiwa kwa jambo hilo hasa. Kasisi James MacSparran, aliyehudumu huko Narragansett, alisema katika barua zilizochapwa mwaka 1753 kwamba amewaona baadhi yao wakimaliza maili moja kwa muda uliozidi dakika 2 kidogo tu, na mwendo wao ni huo huo laini. Huo ni wakati wa kisa chako kabisa.

Kwa mbio za nguvu tumia "kwenda shoti". Ule mwendo wa katikati wa kudundadunda una jina lake, matiti, lakini darasani watoto watacheka mpaka kipindi kiishe. Eleza tu kwamba farasi alidundadunda. Vifaa navyo vina majina: tandiko, lijamu inayokaa mdomoni, kikuku cha kukanyagia, na hatamu. Hatamu kila Mtanzania anaijua kutokana na siasa, chama kushika hatamu, na wengi hawajui kwamba walikuwa wanasema habari za farasi. Kisa chako kinaweza kuwarudishia watoto neno hilo mahali lilipotoka.

"Msichana wa kikoloni" liache. Kwa msomaji wa Afrika Mashariki, mkoloni ni mtawala, na wakati wa ukoloni ni wakati wa babu zake. Msichana wako ni binti wa mlowezi, aliyeishi katika mojawapo ya makoloni 13 ya Uingereza. "Mlowezi" tunalijua vizuri kutoka Kenya, na linabeba ukweli wote: mtu aliyetoka mbali akakaa katika ardhi iliyokuwa na wenyewe. Narragansett ni jina la wenyeji wa ardhi hiyo kabla halijawa jina la farasi. Ukitaka kutaja wakati, sema "Rhode Island ilipokuwa bado chini ya Mwingereza", na mtoto ataelewa bila maelezo.

Limebaki neno moja ambalo hukuliuliza, nami siwezi kuliacha. Katika ukurasa wako kuna "mtumishi wa banda la farasi", mwanamume mweusi anayemtandikia msichana farasi kila asubuhi. Mashamba makubwa ya Narragansett yaliyozalisha farasi hao, wengi wao wakiuzwa kwenye visiwa vya sukari vya Karibi, yalitegemea kazi ya Waafrika na wazao wao waliomilikiwa. Kasisi niliyemtaja naye alikuwa na watumwa. Sheria ya Rhode Island ya mwaka 1784 ndiyo iliyoanza kuwaacha huru watoto waliozaliwa na watumwa, tena kidogo kidogo. Mtumishi hupokea mshahara na anaweza kuacha kazi. Huyu hakuweza. Andika "mtumwa", na mpe jina kama ulivyompa farasi, kwa kuwa katika ukurasa wako farasi ana jina na yeye hana. Kazi yake unaweza kuitaja kwa neno "saisi", yaani mtunza farasi. Huenda yeye ndiye aliyemfundisha msichana kumwendea farasi kwa upande wa bega na kumsemesha kabla ya kumgusa. Na hapo kitenzi chako cha "kuzoeana" kitakuwa na watatu ndani yake.

Majina ya mahali, Narragansett na Rhode Island, yaache yalivyo. Farasi wa aina hiyo waite "farasi wa Narragansett", wingi na umoja sawa: farasi wa Narragansett alikwenda telki, farasi wa Narragansett walikwenda telki.