Lindeni Kiungo, Katikati Mwachieni Mwenyewe

Mkitaka kuanzisha klabu ya reli ndogo, yaani treni za mfano zinazotembea juu ya meza, msikimbilie kununua injini. Kwanza kaeni mpatane kuhusu ncha za meza zenu.

Hapa Tororo, Uganda, tuko tisa. Kila mtu ana kipande chake nyumbani: meza ya plaiwudi, urefu sentimita 120, upana 60, na reli juu yake. Siku ya maonyesho tunaviunganisha, treni inapita kwa wote. Mmoja amejenga daraja la Jinja, lile la 1931 lililovusha reli juu ya Nile kuelekea Kampala. Mwingine ana stesheni yetu ya Tororo na njia yake ya Soroti. Mimi nina nyumba za wafanyakazi wa reli, na kanga zimeanikwa kwenye uzi.

Tulichagua uwiano wa 1:87, yaani kila kitu ni kidogo mara 87 kuliko cha kweli, na reli yenye upana wa milimita 16.5. Reli yetu ya kweli ina upana wa mita moja, kwa hiyo ilistahili kuwa kama milimita 11.5. Anayetukosoa ana haki. Lakini injini za 16.5 ndizo zinazopatikana kwa urahisi, hata za mtumba, na klabu isiyo na treni inayotembea haidumu.

Kosa letu lilikuwa kupatana upana wa reli tu. Maonyesho ya kwanza, kwenye ukumbi ambao sakafu yake ina mteremko, kila behewa la tatu lilianguka pale kipande changu kinapokutana na daraja. Watoto wakapiga yowe. Mzee mmoja mstaafu wa reli akainama, akapitisha ukucha polepole juu ya kiungo.

"Mwanangu, ukucha umekwama. Gurudumu litapitaje?"

Tofauti ilikuwa nusu milimita. Zidisha mara 87: kwenye reli ya kweli ni zaidi ya sentimita nne. Hakuna dereva angekubali kupita hapo.

Sasa mbao za ncha zote tunazitoboa kwa kigezo kimoja, kilichokatwa na fundi mmoja. Reli iko katikati ya ncha, sentimita 100 kutoka sakafuni, na chini ya kila mguu kuna boliti ya kupandisha na kushusha. Pima usawa kwa pimamaji kwanza, kaza baadaye. Waya mwekundu ni wa reli iliyo upande wa watazamaji, mweusi wa reli ya nyuma, bila ubishi, la sivyo umeme utapiga shoti. Reli zenyewe msizifikishe ukingoni, zitapindwa ndani ya pikapu. Ziishie sentimita 2.5 kabla, kisha mkishafunga boliti mchomeke kipande kifupi cha reli. Na plaiwudi ipakeni rangi hata chini, maana upande ulio mtupu hunywa unyevu wa masika na meza nzima hujipinda.

Katikati ya kipande msiguse. Tuligombana mwezi mzima kwa sababu wengine, nami nikiwemo, tulitaka nyasi zote ziwe rangi moja. Tulikaribia kumpoteza mwenye daraja, fundi bora tuliye naye, kwa ajili ya nyasi!

Yule mzee siku hizi ndiye mkaguzi wetu. Anapita na ukucha wake viungo vyote vinane, na mpaka aitikie kwa kichwa, hakuna anayewasha umeme.