Hesabu Migawanyiko, Si Siku: Kwa Wewe Unayeanza Kusoma Uzee wa Seli

Miezi minne ya mwanzo wangu maabara ilipotea kwa sababu ya tarakimu ambayo sikuiandika. Nilikuwa na chupa mbili za seli za ngozi ya binadamu. Moja niliitia dawa niliyokuwa naichunguza, nyingine nikaiacha hivyo hivyo. Seli zilizopata dawa ziliendelea kugawanyika vizuri. Zile nyingine zilidorora, zikatanuka, zikalala bapa chini ya chupa. Nikampelekea mkuu wangu picha za hadubini kwa furaha. Akaniuliza swali moja tu: "Kila chupa ilikuwa imeshajigawa mara ngapi kabla hujaanza?"

Sikuwa na jibu. Tulipofukua kumbukumbu za friza, tulikuta seli za dawa zilikuwa zimejigawa kama mara 20, na zile nyingine zilikwisha kupita 40. Dawa haikuwa imefanya lolote. Nililinganisha kijana na mzee, nikadhani nimegundua tiba. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na katika kazi hii mali yako ni historia ya seli.

Mdogo wangu, jambo hili lina mizizi ya zamani. Mwaka 1961, mjini Philadelphia, Leonard Hayflick na Paul Moorhead walionyesha kwamba seli za kawaida za binadamu zilizotoka kwenye kijusi hujigawa mara 40 hadi 60 hivi, kisha hukoma. Kabla yao wengi waliamini kwamba seli zikitolewa mwilini na kulishwa vizuri zitaishi milele. Imani hiyo ilitokana na Alexis Carrel, aliyeanza kukuza seli za moyo wa kuku mwaka 1912, na ukuzaji huo ukaendelea hadi 1946. Maelezo yanayokubalika zaidi leo ni kwamba maji ya viinitete vya kuku yaliyotumika kama lishe yalikuwa yakiingiza seli mpya kila mara. Fikiria hilo: kwa miongo kadhaa, mtu ambaye seli zake zilikoma alijilaumu mwenyewe, akidhani chupa ni chafu au lishe ni mbovu.

Jaribio la Hayflick ninalolipenda kuliko yote ni rahisi mno. Alichanganya seli za kiume zilizokwisha kujigawa mara nyingi na seli za kike changa, chupa moja, lishe moja. Baada ya muda zilibaki za kike peke yake. Kama kosa lingekuwa la lishe, zote zingekufa. Tena, seli zilizogandishwa, hata zikikaa friza miaka mingi, zikiyeyushwa huendelea na hesabu pale pale zilipoishia. Ndiyo maana nakuambia usihesabu siku.

Na kuhamisha seli kutoka chupa hadi chupa si sawa na kujigawa. Ukipanda seli 100,000 ukavuna 800,000, umehamisha mara moja lakini idadi imeongezeka maradufu mara tatu. Andika hiyo tatu, jumlisha na ya nyuma.

Kuhusu telomia, yaani ncha za kromosomu (nyuzi za DNA ndani ya seli) zinazopungua kila seli inapojigawa hadi seli inakoma, utazisoma sana, na zinastahili. Elizabeth Blackburn, Carol Greider na Jack Szostak walipata Tuzo ya Nobel mwaka 2009 kwa kazi hiyo. Ila usizifanye ufunguo wa kila mlango. Panya wa maabara ana telomia ndefu kuliko zetu mara kadhaa, naye huishi miaka miwili au mitatu tu. Seli nyingi za neva hazijigawi kabisa, na bado ubongo huchakaa. Seli za HeLa, zilizochukuliwa mwaka 1951 kutoka kwa Henrietta Lacks, zinajigawa hadi leo, lakini hizo ni seli za saratani. Seli isiyokoma si lazima iwe neema kwa mwili.

Kosa lingine lilituhadaa wengi kwa muda mrefu: hewa. Hewa ya kawaida ina oksijeni karibu asilimia 20, ilhali ndani ya tishu nyingi za mwili ni kidogo sana kuliko hapo. Seli za panya zikikuzwa kwenye asilimia 20 hukoma baada ya kujigawa mara chache, kwa sababu DNA yake inaharibika. Mwaka 2003 ilionekana kwamba zikiwekwa kwenye asilimia 3 zinaendelea. Kwa hiyo sehemu ya kile tulichokiita uzee wa panya ilikuwa mateso tuliyoyaleta sisi wenyewe. Kila ukiona seli zinachoka, jiulize kwanza umeziweka wapi.

Seli iliyokoma kugawanyika haijafa. Inakula, inakaa, na inatoa protini zinazochochea uvimbe kwa jirani zake. Mwaka 2011 watafiti waliziondoa seli za namna hiyo kwa panya waliorithi kasoro ya kuzeeka mapema, na baadhi ya dalili za uchakavu zikachelewa. Lakini seli hizo hizo husaidia jeraha kupona, kwa hiyo usizichukulie zote kama takataka. Rangi ya buluu inayotumika kuzitambua nayo ina hila: seli changa zilizobanana muda mrefu huweza kugeuka buluu vilevile. Tafuta dalili mbili au tatu kabla hujaandika neno "zimezeeka" kwenye daftari.

Ukihamia kwenye viumbe wazima, mfano minyoo ya maabara ambayo Cynthia Kenyon na wenzake walirefusha maisha yake maradufu mwaka 1993 kwa kubadili jeni moja, angalia umbo zima la mchoro wa vifo, yaani wangapi wanakufa katika kila umri, usitosheke na wastani wa umri. Kuzuia vifo vya mapema huinua wastani bila kupunguza kasi ya kuzeeka hata kidogo.

Kwa leo fanya hivi: seli mpya zikifika, zikuze kidogo, kisha gandisha vichupa vingi zikiwa bado changa, kila kimoja kikiwa na hesabu yake kwa wino usiofutika. Zikishavuka 40, hutaweza kuzirudisha 20.