Sista Anajibu: Kipimo cha Chembe Zinazong'aa

SWALI: Sista, habari za kazi. Mume wangu yuko mwezi wa pili wa dawa za kifua kikuu. Kijana wetu anayesoma Kampala anasema kuna vichembe vidogo mno vinavyoonyesha ini likianza kudhurika kwa dawa. Tuna mbuzi wa kuuza. Twende hospitali gani? – Mama wa watoto wanne, Arua

JIBU: Mama, mbuzi usiwauze. Kipimo hicho hutakipata Arua wala Mulago, hospitali kuu ya rufaa kule Kampala, bado ni cha maabara.

Kijana hakukudanganya lakini. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, waliwadunga panya chembe za kiasi cha nanomita, na nanomita ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Chembe hizo zilikusanyika kwenye ini. Panya hao walipewa pia paracetamol (ndiyo Panadol) nyingi, wengine isoniazid, ambayo mumeo anaimeza kila siku. Ini likivunjavunja dawa hizo huzalisha kemikali kali zinazounguza seli. Chembe zikikutana na kemikali hizo hutoa mwanga, na kamera iliyo nje ya panya huuona ndani ya dakika chache, kabla hata hadubini haijaonyesha dhara. Nimeuguza wagonjwa wa kifua kikuu miaka mingi, na kwa kweli natamani tungekuwa na kipimo hicho wodini.

Tatizo ni mwili wetu. Panya ni mwembamba. Ini la mtu limejificha nyuma ya mbavu, nyama na mafuta, mwanga unapotelea humo. Tena lazima ithibitike kwamba chembe zinazobaki kwenye ini hazilidhuru.

Kwa sasa, omba kituo kinachompa dawa kimpime damu, vimeng'enya vya ini, yaani protini za ini zinazoongezeka kwenye damu ini likidhurika. Nyumbani mtoe nje mchana umtazame weupe wa macho. Taa ya sola hudanganya. Mkojo wa rangi ya chungwa usikutishe, hiyo ni rifampicin, dawa nyingine ya kifua kikuu. Ukiwa mweusi kama chai ya rangi, au macho yakawa manjano, au anatapika na chakula hakitaki, asimeze dozi inayofuata. Mpeleke kituoni siku hiyo hiyo. Waragi, ile pombe kali, aache kabisa, Mama, hapo sina mjadala. Panadol asimeze ovyo.

Mkienda, beba pakiti zote, hata mizizi aliyopewa kijijini. Usiifiche kwa aibu. Mhudumu asipoiona, atailaumu isoniazid peke yake.