Wakala wa bima Mbeya: wateja wapya nitawatoa wapi?

SWALI: Nimesajiliwa na TIRA, mamlaka inayosimamia bima nchini, kama wakala wa bima, ofisi yangu ipo Mafiati, Mbeya. Ndugu na marafiki wote nimeshawakatia bima, sasa mwezi unapita nimetoa stika tatu tu. Nimegawa vipeperushi Mwanjelwa yote, hakuna aliyepiga simu. Nifanyeje?

JIBU: Ndugu, vipeperushi vyako vingi vimeangukia kwa watu ambao bima zao bado zina miezi sita au saba. Mwenye gari huwa hafikirii bima mpaka stika ikaribie kuisha au trafiki amsimamishe. Kwa hiyo kabla ya kutafuta wateja, tafuta tarehe.

Fungua daftari lenye safu sita: jina, simu, namba ya gari, matumizi (binafsi, teksi au mizigo), aina ya bima na siku inayoisha. Kila asubuhi chagua sehemu moja: gereji, pa kuoshea magari, duka la spea, kijiwe cha bodaboda. Usianze na bei. Muombe mwenye chombo ruhusa ya kuhakiki bima yake, ingiza namba ya gari kwenye TIRA MIS, mfumo wa TIRA wa kuhakiki bima, kwa simu yako, kisha mgeuzie kioo asome mwenyewe jina la kampuni na tarehe ya mwisho. Stika isiposomeka kwenye mfumo, mwambie arudi haraka kwa aliyemuuzia akapate maelezo. Hata asiponunua kwako leo, umemfaa, na tarehe yake umeipata.

Ukiandika majina 10 kwa siku, siku 5 kwa wiki, mwezi unaisha ukiwa na 200. Siku 30 kabla bima haijaisha, piga uulize kama gari bado ni lake na matumizi ni yaleyale. Zikibaki 10 tuma bei, zikibaki 2 piga tena. Usikubali kutoa bima kwa mkopo, ada hulipwa kwanza, na ilipwe kwa kampuni, isipitie kwenye simu yako.

Kwenye bima ndogo (inayolipa hasara ya mtu mwingine tu, si ya gari lenyewe) usihangaike kushindana kwa bei, maana viwango vya chini vimepangwa na TIRA na VAT iko palepale. Mbeya ina soko zuri zaidi ya hapo. Malori na fuso zinavuka Tunduma kwenda Zambia na Kasumulu kwenda Malawi, na bima ndogo ya hapa nchini haimlindi mwenye gari akishavuka. Anahitaji kadi ya njano ya COMESA, yaani bima ya kuvukia mipaka, ambayo huongezwa juu ya bima yake. Zoeana na mawakala wa forodha wa mipaka hiyo, maana wao ndio wanaojua nani anasafiri na lini.

Nenda pia kwenye maghala ya mpunga Ubaruku na yadi za mbao Mafinga, ila huko hesabu ya thamani ndiyo inayoharibu kazi. Mwenye ghala la shilingi milioni 60 akilikatia bima ya milioni 30 ili ada ipungue, na moto ukateketeza mali ya milioni 10, kwa kanuni ya wastani (aliyekatia nusu ya thamani hulipwa nusu ya hasara) atalipwa milioni 5. Atakulaumu wewe, na soko zima litasikia. Mpigie hesabu hiyo kwenye karatasi kabla hajasaini. Vilevile, Noah inayobeba abiria usiiandike gari binafsi. Siku ya ajali kampuni inaweza kukataa madai.

Mteja akigongwa, fika siku hiyohiyo. Piga picha za gari, msaidie kupata taarifa ya polisi, peleka fomu ya madai mwenyewe na ufuatilie kila wiki. Fundi aliyetengeneza gari hilo anaona yote. Fidia ikishalipwa, muombe mteja na fundi wakupe majina mawili mawili ya wenye magari, uyaingize kwenye daftari pamoja na tarehe zao.