Jibu: Duka la ubia Kondele, nani analipa ushuru?

Dada, umeuliza kama wewe na shemeji yako mwapaswa kujaza ritani (taarifa za mapato kwa KRA, mamlaka ya ushuru Kenya) tatu kwa duka moja la vifaa vya ujenzi. Ndiyo, ni tatu. Ubia una PIN yake, yaani namba ya mlipa ushuru, na hujaza ritani yake kwenye iTax, mtandao wa KRA, lakini wenyewe haulipi ushuru wa mapato. Ushuru ni wenu, kila mmoja kwa mgao wake, kupitia PIN yake.

Hapo kwenye mshahara wa shemeji ndipo wengi hukosea, kwa hiyo soma polepole. Umesema faida ni 660,000 baada ya kumtolea yeye 20,000 kila mwezi. KRA haikubali mshahara wa mbia kuwa gharama ya biashara. Rudisha zile 240,000, faida iwe 900,000. Kisha gawanya: yeye ana 240,000 zake pamoja na nusu ya 660,000, jumla 570,000. Wewe una 330,000. Hata kama hukuchukua shilingi dukani, mgao wako bado unatozwa.

Anzeni na ritani ya ubia, halafu zenu, na tarakimu zilingane kabisa. Mwisho wa kujaza ni Juni 30, ila salio la ushuru hulipwa kabla ya Aprili 30 kuisha. Tafadhali msingoje wiki ya mwisho, mtandao huwa mzito sana. Na mkataba wenu wa ubia uandikwe. Nusu kwa nusu ya mdomo imeshanisumbua mimi hapa Nakuru.